Wimbo Walionitungia Watu wa Bariadi

Kama umewahi kusimama kwenye uwanja wa ngoma hapa Bariadi, ukasikia wimbo wa yule mama mwenye kipaza sauti, ukacheka mpaka ukashika mbavu, basi mama mwenyewe ni mimi. Msitafute mwingine. Nilikuwa afisa utamaduni, sasa nimestaafu, nafuga kuku, na kila nikipita sokoni kuna mtu anaupiga mluzi wimbo ule halafu anajifanya anachagua nyanya.

Nawaandikia ninyi vijana mlioajiriwa juzi, mnaokuja kwangu na vishikwambi vyenu mkiniuliza, "Mama Kulwa, mliwezaje kuwaunganisha wafanyabiashara wa mji na wasanii?" Mnataka hatua. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, mkaziweke kwenye wasilisho lenu mpigiwe makofi. Sina hatua, wanangu. Nina aibu. Lakini kwa kuwa mmeniomba kwa adabu, na mmoja wenu alikunywa chai yangu ya maziwa vikombe vitatu bila kusema basi, nitawaeleza. Ofisi niliyofanyia kazi sitaitaja. Waliomo sasa hawakuwepo, na nililolifanya nililifanya kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kwanza mjue kwamba kazi yenu ni kuomba. Msidanganywe na cheo. Bajeti ikigawanywa, utamaduni unakaa mwisho wa foleni, na ukifika dirishani unaambiwa karani ameenda kula. Kwa hiyo mtaomba. Mtaomba uwanja, mtaomba viti, mtaomba umeme, mtaomba mtu apunguze sauti ya redio yake ili ngoma isikike. Kama hujui kuomba, hamia idara nyingine mapema.

Aliyenifundisha kuomba ni Bwana Salum, mwenye duka la kukodisha maturubai na viti pale karibu na soko. Babu yake alitokea Ujiji, yeye amezaliwa hapa hapa, na Kisukuma chake kina utani kuliko changu. Siku ya kwanza nilimwendea na faili kwapani. Nilianza moja kwa moja: ushirikiano wa kimkakati, wadau, fursa, maendeleo ya sanaa mjini. Nilisema mpaka mate yakakauka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta kaunta na kitambaa, akasema, "Dada, hujanisalimia."

Nilitamani kuingia ndani ya faili langu.

Tukaanza upya, mwangaluka, za nyumbani, za ng'ombe, mpaka tukafika kwenye viti. Akaniambia, "Usije kwangu kuomba hela. Mtu ukimwomba hela anaanza kukuangalia mikono. Niombe kitu ninacho, kimelala tu. Jumamosi isiyo na msiba wala harusi, viti vyangu vimelala. Niombe hivyo." Shikeni hapo. Mwenye gesti ana ua linalokaa tupu mchana. Mwenye redio ana saa za Jumamosi asizojua ajaze nini. Kila mtu mjini ana kitu kilicholala, kazi yako ni kukiamsha bila kumkera mwenye nacho.

Akaongeza, "Na vikirudi, virudi visafi." Hilo sikulishika. Mara ya kwanza nilivirudisha na matope ya mvua na maganda ya miwa. Bwana Salum aliniletea ndoo, brashi na sabuni ya kipande. Nikaosha viti mbele ya duka lake, mimi afisa wa serikali, sketi nimeikunja, wapita njia wakinisalimia kwa cheo. Yeye akaniwekea kahawa kwenye kistuli, akakaa kuangalia. Tangu siku hiyo hakuwahi kuninyima kiti.

Jambo lingine la kazi, kabla sijasahau: ngoma ni ngozi, na ngozi inataka moto. Nilipopata ua la Mzee Mayunga, mwenye gesti, aliniambia hataki moto karibu na majani yake. Nikasema hakuna shida. Wapigaji wakafika, wamekuja kwa baiskeli toka Kiloleli huko, wakauliza moto uko wapi wawambe ngoma zao vizuri. Nikawaambia wapige hivyo hivyo. Zikalia kama ndoo ya plastiki. Wapigaji hawakugombana na mimi, walinitazama tu, wakapiga kwa heshima mpaka mwisho. Sasa ukikuta eneo jipya, usiulize choo, uliza moto utawashwa wapi. Choo watu watajua wenyewe. Na wasanii wale kwanza, wale ugali na nyama, siyo soda na biskuti. Mtu hawezi kurusha miguu saa nzima na biskuti tumboni.

Haya. Sasa tuingie kwenye lenyewe, maana naona nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Ninyi mliotoka mbali, huenda hamjui ngoma yetu inavyoshindanishwa. Hakuna majaji. Hakuna alama. Wanakuja mamanju wawili, yaani watunzi na waongozaji wa nyimbo, mmoja wa Bagika na mmoja wa Bagalu, vyama vyetu viwili vya ngoma vya tangu jadi, kila mmoja na watu wake. Wanapanga duara mbili kwenye uwanja mmoja, wanaanza kwa pamoja. Watu wanasimama wanaposikia patamu. Huku kukipoa wanahamia kule. Aliyejaza watu ndiye mshindi, na aliyebaki anaimbia vumbi hahitaji kuambiwa na mtu. Na nyimbo zenyewe ni za kuchokozana. Manju anamwimba mwenzake pua, anamwimba baiskeli yake isiyo na breki, anamwimba ng'ombe wake wenye mbavu. Mwenzake anajibu papo hapo. Ndipo watu wanapokimbia huku na kule wakicheka.

Wakati ule mamanju waliotamba walikuwa Shija na Limbu. Shija alikuwa Mgika, mrefu, mwenye majivuno, anavaa miwani ya jua hata mawingu yakitanda. Limbu alikuwa Mgalu, mfupi, mpole wa sura, mdomo wake una pilipili. Walikuwa wanachukiana kwa namna ambayo mmoja akiugua, mwingine ndiye wa kwanza kwenda kumjulia hali, aone kama kweli.

Mimi nilikuwa nimeshapata washirika watatu: Bwana Salum na viti vyake, Mzee Mayunga na ua lake, na redio moja ya mjini. Tukakaa. Mzee Mayunga akasema, "Afisa, hao watu wawili watatukanana uani kwangu, na kila mmoja atakuja na dawa yake ya kuvuta watu aifukie kwenye majani yangu. Mimi nasali." Kijana wa redio akauliza, duara mbili zikilia pamoja, yeye ataweka kipaza sauti wapi? Bwana Salum akauliza viti viangalie upande gani. Wote wakataka kikundi kimoja, jukwaa moja, sare moja.

Ningeweza kuwaeleza. Nilizaliwa Lingeka kule Meatu, baba analima pamba na kuchunga, nimelala kwenye viwanja vya ngoma nikiwa mgongoni. Nilijua. Lakini niwaambie ukweli: nilifurahi. Kwa miaka mingi nilikuwa naionea haya ngoma yetu. Wageni wakija kutoka mikoani, mimi ndiye niliyekaa nao, na manju akianza kuimba pua ya mwenzake nilikuwa natafsiri uongo. "Anasifu kilimo," nawaambia. Nilitaka ngoma iliyonawa uso. Nilitaka wageni waondoke wakisema Bariadi wamestaarabika.

Nikawaita Shija na Limbu, nikawatangazia kwamba wameunganishwa. Shija akavua miwani, jambo ambalo hakulifanya hata msibani.

"Mama Kulwa," akasema, "ukiniunganisha na Limbu, nitamshinda nani?"

"Hatuko hapa kushindana," nikamjibu. "Tuko hapa kuendeleza sanaa."

Wakatazamana. Nadhani ndiyo mara yao ya kwanza kucheka pamoja, na walikuwa wananicheka mimi. Lakini wakakubali, kwa sababu ya redio. Manju anayesikika redioni anaitwa kwenye harusi na kwenye mikutano, na kila mmoja aliogopa kubaki nyumbani mwenzake akisikika.

Nyimbo nazo nilizirekebisha. Nilitoa pua, nikatoa mbavu za ng'ombe, nikaweka shukrani kwa wadhamini. Kuna ubeti uliosema magodoro ya Mzee Mayunga ni laini na mashuka yake yananukia. Ubeti huo nilitunga mimi. Hata kuuandika hapa masikio yanapata moto.

Siku yenyewe ngoma tuliipeleka kwenye uwanja mkubwa karibu na mnada, maana wageni walikuwa wengi. Jukwaa, maturubai, viti kwa mistari, mgeni rasmi kakaa kwenye sofa la kuazima. Watu walifurika. Shija na Limbu wakapanda na watu wao, fulana za njano wote, wamejipanga mstari kama watoto wa shule wanaosubiri uji. Wakaimba magodoro. Wakaimba mashuka. Watu wakapiga makofi ya heshima, yale ya kanisani mtu akisoma matangazo.

Kulikuwa na kikundi kutoka Lagangabilili nilichokikataa, kwa sababu walisema fulana hawavai, wana mavazi yao. Nao walikuwa wamekuja. Hawakugombana na mtu. Walikaa upande wa pili wa uwanja, wakawasha moto wa mabua ya pamba, wakawamba ngoma zao taratibu, wakaanza.

Jamani! Ngoma zile zilikuwa zinalia. Na kwa sikio la Msukuma, ngoma mbili kwenye uwanja mmoja ni mwaliko: chagua. Wakaanza kina mama wa nyuma. Wakafuata wa katikati. Halafu nikaona viti vya Bwana Salum vinaondoka. Watu walikuwa wamevibeba vichwani, maana walikuwa wamevikalia wenyewe na hawakuona sababu ya kuviacha. Muda si muda mbele ya jukwaa tukabaki mgeni rasmi, Mzee Mayunga, mimi na kijana wa redio. Nikageuka jukwaani kutafuta msaada, nikamkuta Shija anapiga mguu kwa kufuata ngoma ya wenzake.

Nilipandwa na hasira, na ndani ya hasira ile palikuwa na soni tupu, soni ya kuonekana na wageni. Nikakwapua kipaza sauti.

"Rudini huku! Rudini huku, washamba nyie! Hamjui kitu kizuri!"

Spika zilikuwa za kukodi, zina nguvu. Sauti ikaenda mpaka mnadani ikarudi. Pia ikaenda redioni, maana tulikuwa hewani moja kwa moja. Mtu mmoja kule mbali akacheka, wakafuata wote, na ngoma ikapokea hapo hapo kicheko chao. Hakurudi hata mmoja. Shija akavua fulana ya njano, akaikunja vizuri, akaiweka miguuni kwangu, akaruka chini. Limbu naye hivyo hivyo. Mzee Mayunga alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mshamba ni nani kama si mimi? Pamba ndiyo iliyonisomesha. Maziwa ya ng'ombe ndiyo yaliyonikuza. Nilisimama pale na kipaza sauti mkononi nikajisikia vibaya ambavyo sijawahi kujisikia tena, na nimezika watu.

Wiki iliyofuata nilikwenda Lingeka kumwona mama. Nilimkuta anachambua mchicha, nikamsalimia, akaitikia vizuri tu. Chakula kilipoiva, wadogo zangu walikaa kwenye mkeka kuzunguka sahani moja kama siku zote. Nilipotaka kukaa nao, mama akanizuia. Akatoka kwenda kwa jirani, akarudi amebeba kiti.

"Kaa hapo," akasema. "Sisi washamba tutakaa chini."

Hakutabasamu. Nikakaa. Nikala peke yangu kitini, sahani mapajani, mwanamke mwenye wajukuu, wadogo zangu wakinitazama kwa chini kama mgeni wa serikali. Baadaye nilimfuata jikoni nikapiga magoti, nikamwomba msamaha huku nalia. Mama akaendelea kusugua chungu.

"Mimi nimeshakusamehe," akasema. "Lakini ulisemea redioni, ng'wanone, mwanangu. Mimi nakusamehea jikoni. Nani atasikia?"

Nilirudi Bariadi na maneno hayo, na nilipofika nikakuta Shija ameshatunga. Msinilazimishe kuandika wimbo wote, mnaujua. Mayu, yaani mama, mwenye kipaza sauti, mama wa sketi ya ofisini, anawafukuzia watu kwa jirani huku anawaita. Limbu akaona Shija anampita, naye akatunga wake. Wakaanza kushindana juu yangu! Nani anaigiza sauti yangu vizuri zaidi, nani anatembea kama mimi. Kila walipokutana viwanjani, watu walijaa kuliko wakati wowote niliowahi kuona. Wanawake waliacha kuokota pamba kwenda kunisikia nikichekwa. Vijana wa muziki wa kompyuta wakachukua kiitikio wakakiwekea midundo yao. Bwana Salum aliniambia, huku anajitahidi asicheke, kwamba ameacha kupanga viti na kusubiri watu. Sasa anapakia kwenye mkokoteni, anawafuata watu walipo. Mshirika wangu alikuwa amejifunza kazi yangu kabla yangu.

Mimi nilikuwa nakwenda kazini kwa njia ya nyuma. Nilinunua mboga asubuhi sana kabla soko halijachangamka. Nilifikiria kuomba uhamisho. Aibu ya siri unaweza kuifungia ndani ukaenda zako. Hii yangu ilikuwa na ngoma na waitikiaji.

Kisha Mzee Mayunga akanipigia simu. Alikuwa ameona umati. Alitaka ngoma irudi uani kwake kila Jumamosi, duara mbili kama watu wanavyotaka, na redio iko tayari, vipaza sauti viwili. Tukakutana dukani kwa Bwana Salum, sisi na mamanju wote wawili. Kila kitu kikakubaliwa, mpaka moto kwenye kona ya ukuta. Mwisho Mzee Mayunga akakohoa.

"Sharti langu moja. Ule wimbo usiimbwe kwangu. Afisa ni mshirika wetu, siwezi kukaribisha watu wamtukane mbele ya wateja."

Kijana wa redio akaunga mkono. Shija akasema bila wimbo ule yeye haji, maana watu wanamfuata kwa ajili ya huo. Na Shija asipokuja, Limbu atashindana na ukuta, na ua litabaki tupu. Vile vikundi vingine vidogo vilivyokuwa vinasubiri sehemu ya kusikika, navyo vingerudi kuimba kwenye mashamba yao. Wote wakanigeukia. Mzee Mayunga akasema, "Mwenye neno ni afisa mwenyewe."

Ningesema "waimbe" mambo yangeisha. Mdomo uliowahi kupiga kelele mpaka mnadani ukasema kidogo kidogo, "Kwa sasa, labda... wauache kwanza."

Shija akasema, "Sawa, Mama Kulwa." Akavaa miwani akaondoka. Hakuonyesha hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Limbu akabaki, akanisogelea, akanong'ona kwamba ana wimbo mwingine, wa kunisifu, mtamu, nisiwe na wasiwasi. Nikamshukuru! Hebu fikirini. Nikamwambia wabeja, kwa moyo wote.

Wenzangu walipotawanyika nilibaki namsaidia Bwana Salum kupanga viti. Nilikuwa nategemea anipongeze. Akapanga mpaka kiti cha mwisho, halafu akasema, "Dada, wale watu hawakuchukii. Wangekuchukia wasingekuimba, wangekuacha tu. Mbona yule mgeni rasmi hawakumwimba? Hata jina lake hawalikumbuki." Kisha akafunga duka kwenda kuswali, akaniacha barazani.

Kesho yake nilipanda bodaboda mpaka kwa Shija. Nilimkuta anakamua ng'ombe, bila miwani, na alipoona ni mimi akapapasa mfuko wa shati kuitafuta.

"Njoo Jumamosi na wimbo wako," nikamwambia.

"Wote?"

"Wote."

"Na sehemu ya makalio?"

"Kuna sehemu ya makalio?"

"Ipo, Mama Kulwa. Nimeiongeza juzi."

"Basi na hiyo pia."

Mzee Mayunga nilimwambia mwenyewe, nikamweleza kwamba mimi niliyeimbwa nimeruhusu na asijitese kwa niaba yangu. Akashika kichwa, ila akafungua geti.

Jumamosi ile ua lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya ukuta. Moto ukawashwa konani, ngozi zikawambwa zikakubali. Duara mbili. Mimi niliwekewa kiti katikati kabisa, umbali sawa na huku na kule, kwa heshima. Limbu akaanza wimbo wake wa sifa: mama mlezi wa sanaa, mama aliyetuletea redio, mama mwenye mkono mweupe. Ulikuwa mtamu kweli, hakunidanganya. Upande wa pili Shija akaanza wangu.

Watu hawakuhama. Niliona ajabu, umati mzima umesimama tu, hakuna anayekwenda popote, mpaka nikagundua wote wananitazama miguu. Kwenye ngoma yetu kila mtu huchagua, hata mgeni wa heshima. Walikuwa wanasubiri nichague mimi.

Sitawadanganya, mguu wangu wa kwanza ulielekea kwa Limbu. Nani asiyependa kusifiwa? Nilipiga hatua kabisa upande ule, na niliwaona watu wanaanza kugeuza nyuso. Hapo nikajionea haya kuliko siku ile ya mnadani, kwa sababu siku ile nilikuwa na hasira, na leo nilikuwa na akili zangu zote. Nikageuka. Nikaenda kwa Shija.

Umati wote ukamwagika nyuma yangu. Limbu aliimba kidogo akiwa peke yake, akanyamaza, na alininunia mwezi mzima, ndiyo haki yake. Shija hakunihurumia hata chembe. Aliniimba sketi, akaniimba mwendo, akaniimba hayo makalio nikiwa nimesimama mbele yake, na wateja wa gesti wakicheka machozi. Jasho lilinitiririka. Kila ubeti ulikuwa wa kweli.

Ikafika ile sehemu ya kelele, ambayo siku zote Shija huitoa kwa sauti nyembamba ya kunibeza. Safari hii hakuitoa. Alinyamazisha ngoma kwa mkono, akanisogelea, akanipa kipaza sauti. Kijana wa redio akaniashiria kwamba tuko hewani. Nikajua Lingeka kwa mama wamewasha redio.

Nikasema, nikasema kwa sauti kubwa kama siku ile:

"Rudini huku, washamba nyie!"

Nilikuwa sijawahi kukisikia kiitikio kutoka ndani. Kwa njia yangu ya nyuma nilikuwa nakisikia kwa mbali tu, makelele bila maneno. Sasa umati wote, wanawake kwa wanaume, wakanijibu usoni kwa furaha, mikono imenyooshwa kuniita:

"Haturudi, mayu! Njoo wewe!"

Aibu ilikuwa bado ipo, yote, haikupungua hata kidogo. Nikaenda nayo.